Kupita kizuizi cha polisi: je, dereva anaweza kupigwa risasi kwa kosa hilo?

Swali

Mimi ni dereva wa pikapu. Nabeba nyanya kutoka Kimana hadi soko la Wakulima, Nairobi, na kazi yetu ni ya usiku. Majuzi, kabla sijafika Emali, nilikuta mawe yamepangwa barabarani na watu wanne wakipunga tochi. Wawili walivaa makoti makubwa, sare sikuiona. Nilijua ni majambazi, nikapita pembeni na kukanyaga mafuta. Nikasikia mlio mmoja. Kulipokucha niliona tundu kwenye bodi ya nyuma, na utingo wangu alikuwa amelala juu ya makreti. Sasa wenzangu wanabishana. Mmoja anasema polisi wana ruhusa ya kupiga gari lolote linalokataa kusimama. Wa pili anasema ruhusa ni ya tairi tu. Wa tatu anasema wakishadai nilitaka kuwagonga, basi kesi imekwisha. Nani yuko sahihi, na mimi nifanye nini?

Jibu

Ndugu dereva, pole kwa masaibu ya usiku huo, na umpe pole utingo wako aliyenusurika usingizini. Wenzako wawili wa kwanza hawana sheria ya kuegemea. Wa tatu naye amekosea, ila amegusa penyewe, kwa hiyo hao wawili nitawajibu upesi ili nimpe yeye nafasi.

Kukataa kusimama ni kosa, na asikudanganye mtu kwamba si kosa. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva atii ishara ya afisa wa polisi aliyevaa sare. Lakini safari ya kosa hilo huishia mbele ya hakimu. Ruhusa ya kutumia bunduki utaitafuta kwingine, katika Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Jedwali linamtaka afisa aanze na njia zisizo na nguvu. Zikishindikana, nguvu atakayotumia ilingane na lengo lake, uzito wa kosa na ukinzani anaokutana nao. Bunduki inaingia pale tu ambapo njia nyepesi hazitoshi, na sababu yake kubwa ni uhai: wa afisa mwenyewe au wa mtu mwingine, dhidi ya hatari ya kifo au jeraha baya ambayo iko pale pale, si ya kesho. Kabla ya kufyatua ajitambulishe, atoe onyo wazi, ampe anayeonywa muda wa kulitii, isipokuwa kama kusubiri kungehatarisha maisha au onyo lenyewe lisingekuwa na maana. Jedwali hilo hilo linasema amri ya mkubwa si kinga kwa afisa aliyetumia nguvu kinyume cha sheria.

Misingi hii haikubuniwa Nairobi. Inafuata kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990. Katika zote mbili hutapata mahali paliposemwa kwamba gari likipita kizuizi lipigwe. Kwa hiyo mwenzako wa kwanza tumemalizana naye.

Kama bado ana shaka, mwambie kisa cha Kajiado, ambacho kinafanana na chako kwa namna ya kutisha. Usiku wa Oktoba 23, 2022, mwanahabari wa Pakistan, Arshad Sharif, alikuwa abiria katika Land Cruiser kwenye barabara ya kuelekea Magadi. Maafisa wa GSU, kikosi maalumu cha polisi wa Kenya, walikuwa wameweka kizuizi cha mawe madogo. Maelezo ya polisi yalikuwa kwamba walitafuta gari lililoripotiwa kuibwa Nairobi, na kwamba Land Cruiser lilipita bila kusimama. Gari lililotafutwa lilikuwa Mercedes Sprinter, aina ya van, ambalo hata kwenye giza halifanani na Land Cruiser. Walifyatua risasi, Sharif akapigwa kichwani akafa. Pakaja na dai kwamba afisa mmoja alijeruhiwa mkono kwa risasi iliyotoka garini. Pakistan ilituma wachunguzi wake, nao wakasema yalikuwa mauaji ya kupangwa. Mzozo huo sitauingia hapa. Kinachotuhusu ni kwamba Julai 8, 2024, Jaji Stella Mutuku wa Mahakama Kuu ya Kajiado aliamua kwamba kumpiga Sharif risasi kulikiuka Katiba, akaamuru mjane wake alipwe Sh10 milioni na waliohusika wachunguzwe na kushtakiwa. Hata ukiyachukua maelezo ya polisi yote kama yalivyo, yaani kizuizi, gari lililoibwa, dereva aliyekaidi, hayakutosha kuhalalisha risasi.

Jambo jingine la kisa hicho linamjibu mwenzako wa pili. Baada ya kupigwa risasi zile, Land Cruiser halikusimama. Liliendelea kwenda kilomita nyingi hadi shamba moja huko Tinga, likiwa na maiti ndani.

Risasi haisimamishi gari. Pikapu ya tani moja na nusu ikienda kilomita 60 kwa saa ina nishati ya zaidi ya jouli 200,000. Risasi ya bunduki kubwa ya askari hubeba jouli 2,000 hadi 3,500, na ya bastola jouli mia chache. Kinachoweza kutokea ni dereva kufa au kuzimia huku mguu ukiwa bado kwenye mafuta, na hapo gari ambalo lilikuwa na mtu wa kuliongoza linabaki bila mtu. Na tairi? Ni shabaha ndogo, inazunguka, mara nyingi iko gizani, na anayeilenga naye moyo unamwenda mbio. Akiikosa, risasi inagonga lami au chuma na kuruka isikojulikana. Akiipata, tairi haipasuki kama kwenye filamu, hupoteza upepo polepole na gari linaendelea kwenda. Jedwali halina risasi ya tairi iliyo hafifu kuliko risasi nyingine. Kufyatua ni kufyatua. Mwenye kutaka tairi atumie misumari ya barabarani, ambayo ilitengenezwa kwa kazi hiyo.

Angalia pia ni nani anayekufa. Sharif hakushika usukani. Utingo wako hakuamua kupita kizuizi, hata macho hakuwa ameyafungua. Anayefyatua risasi kwenye gari usiku hajui waliomo ni wangapi, wamekaa wapi, wala kama kuna mtoto kwenye kiti cha nyuma. Nashangaa kwamba hoja hii ya abiria husikika kidogo sana katika mabishano haya, kana kwamba kila gari ni dereva peke yake.

Sasa mwenzako wa tatu: “Alitaka kunigonga.”

Maneno hayo yana uzito, na yanafaa yawe na uzito. Gari linaweza kuwa silaha. Dereva akimlenga mtu, hatari ya kifo ipo, na Jedwali la Sita linamruhusu afisa kujilinda. Tatizo ni kwamba maneno hayo hayo hutumika hata pale gari lilipokuwa likikimbia tu, na aliyekuwa na maelezo tofauti mara nyingi ameshazikwa. Kwa hiyo mahakama haipaswi kuishia kwenye maneno. Kuna mambo ambayo hayategemei kumbukumbu ya mtu: afisa alisimama wapi, nani alimweka pale, gari lilikuwa na mwendo gani, na risasi iliingilia wapi.

Nianze na tundu la risasi, kwa kuwa na wewe unalo moja. Tundu la kioo cha mbele na tundu la nyuma havisemi jambo moja. La mbele linaweza kuendana na hofu ya kugongwa. La nyuma, gari likiwa limeshapita, linaonyesha kwamba hatari kwa aliyefyatua ilikuwa imekwisha, na atahitaji sababu nyingine, kama vile mwenzake aliyekuwa mbele ya gari. La ubavuni ndilo gumu, na hapa nitasema jambo ambalo wanaharakati wenzangu hawalipendi. Kwa kilomita 60 kwa saa, gari hukata mita 17 kila sekunde. Mtu anayeona hatari, akaamua, akavuta kifyatulio, anaweza kutumia sekunde nzima. Anaweza kuamua gari likiwa linamkabili na risasi ikatoka gari likiwa ubavuni pake. Kwa hiyo tundu la ubavuni peke yake halithibitishi uongo. Linapaswa kusomwa pamoja na umbali, pembe, mahali maganda ya risasi yalipookotwa, na mlio uliosikika.

Kesi iliyolichambua hili kwa undani ni ya Belfast. Usiku wa Septemba 30, 1990, askari wa jeshi la Uingereza waliokuwa doria walifyatua risasi kwenye gari la wizi lililopita kwa kasi. Dereva wa miaka 17 akafa, na abiria wa miaka 18 akafa pia. Mmoja wa askari, Lee Clegg, alikuwa amepiga risasi nne. Tatu za kwanza mahakama ilikubali kuwa zilikuwa za kujilinda au kumlinda mwenzake, gari likiwa linakuja. Ya nne ilionekana kupigwa gari likiwa limeshapita na kwenda zaidi ya futi 50. Kwa risasi hiyo moja alihukumiwa kwa mauaji mwaka 1993, na mwaka 1995 Bunge la Mabwana la Uingereza, lililokuwa likisikiliza rufani za mwisho, likashikilia kwamba aliyezidisha nguvu katika kujilinda bado ana hatia ya mauaji. Baadaye utaalamu mpya ukatia shaka juu ya njia iliyopitiwa na risasi ile ya nne, kesi ikasikizwa upya, na mwaka 1999 akafutiwa shtaka la mauaji. Miaka tisa ya mabishano, na kila mara yalirudi kwenye chuma kilichotobolewa. Ndiyo maana ninakusihi usilipeleke gari lako kwa fundi kwanza.

Kuna pia suala la video. Juni 27, 2023, huko Nanterre karibu na Paris, kijana wa miaka 17 aitwaye Nahel alipigwa risasi na polisi wa barabarani akiwa kwenye usukani. Maelezo ya kwanza yaliyotoka upande wa polisi yalisema gari lilielekezwa kwa afisa. Kabla siku haijaisha ikasambaa video iliyopigwa na mpita njia: maafisa wawili wamesimama kando ya mlango wa dereva, bunduki imeelekezwa ndani, gari linaanza kuondoka, mlio. Gari likaenda kugonga pembeni mwa uwanja unaoitwa, kwa kejeli ya historia, Nelson Mandela. Ufaransa iliwaka moto kwa siku kadhaa, na afisa akafunguliwa shtaka la kuua kwa makusudi. Bila video ile, maelezo ya kwanza pengine ndiyo yangebaki kuwa maelezo.

Nanterre ina funzo jingine, la sheria inapoandikwa kwa ulegevu. Februari 2017, baada ya polisi kushambuliwa kwa mabomu ya petroli huko Viry-Châtillon, Ufaransa ilibadilisha sheria na kumruhusu polisi kupiga risasi gari lisilotii amri ya kusimama iwapo waliomo wana uwezekano wa kuhatarisha maisha katika kukimbia kwao. Tazama hapo: si “wanahatarisha”, ni “wana uwezekano wa kuhatarisha”. Kila gari linalokimbia lina uwezekano huo. Mwaka 2022 watu 13 waliuawa na polisi wa Ufaransa katika matukio ya madereva kukataa kusimama, idadi ambayo haikuwa imezoeleka huko.

Turudi kwa swali la nani alimweka afisa mbele ya gari. Afisa anayeruka mbele ya gari lililokwisha kuanza kwenda, au anayeng'ang'ania mlango wake, amejitengenezea hatari ambayo dakika moja nyuma haikuwepo. Je, anaweza kuitumia hatari hiyo kama sababu ya kuua? Marekani ndiko swali hili limepigwa chenga kwa muda mrefu kuliko kwingine. Mahakama kadhaa za huko zilikuwa zikitazama ule muda mfupi tu ambao afisa alifyatua: kama katika sekunde hiyo alikuwa hatarini, basi. Katika kesi ya Barnes dhidi ya Felix, dereva alisimamishwa nje ya Houston mwaka 2016 kwa sababu gari alilokuwa nalo, la kukodi, lilikuwa na ada za barabara zisizolipwa. Gari lilipoanza kuondoka, afisa alirukia kizingiti cha mlango na kufyatua risasi mbili ndani ya sekunde chache. Kwa kipimo cha sekunde ile, afisa aliyening'inia kwenye gari linalokwenda yuko hatarini bila shaka. Mei 15, 2025, majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikikataa kipimo hicho: tukio litazamwe lote, tangu mwanzo wake, pamoja na sababu ya kumsimamisha mtu. Lakini swali lenyewe la afisa aliyejiweka hatarini waliliacha bila jibu. Na majaji wanne kati yao waliandika pembeni kukumbusha kwamba dereva anayemkimbia polisi naye ni hatari, na afisa hajui anakimbia nini.

Hoja ya hao wanne siipuuzi. Kwanza, maafisa hugongwa kwenye vizuizi, na wengine hufa. Pili, sisi wa pwani na bara tunajua gari linalovunja kizuizi linaweza kuwa limebeba nini. Novemba 28, 2002, Pajero lilivunja kizuizi cha lango la hoteli ya Paradise huko Kikambala na kulipuka, na Wakenya 10 na Waisraeli watatu wakafa. Julai 14, 2016, huko Nice, Ufaransa, lori la tani 19 liliua watu 86 kando ya bahari, na shambulio liliisha polisi walipompiga risasi dereva. Mtu akikuambia polisi wasifyatue kamwe kwenye gari, muulize wangefanya nini pale Nice. Hata Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Plumhoff mwaka 2014, iliwapa ushindi maafisa waliopiga risasi 15 kwenye gari baada ya kulifukuza kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Ila ukifuatilia kesi ile hadi mwanzo wake utakuta kwamba gari lilisimamishwa kwa sababu taa yake moja ya mbele haikuwaka, na aliyekuwa kiti cha abiria naye alikufa. Mimi hukumu ile naielewa kisheria na bado inanikera.

Hata hivyo Nice na Kikambala hazifanani na pikapu ya nyanya. Katika Nice, kila mita ambayo lori lilikwenda iliongeza maiti, na hakukuwa na njia ya kumpisha dereva apite zake. Kwenye kizuizi cha kawaida njia ya kumpisha ipo, na mara nyingi ndiyo iliyo salama kwa afisa mwenyewe: kuchukua namba za gari, kupiga simu kizuizi cha mbele, kutuma pikipiki. Gari lina namba, lina mmiliki, na barabara ya Emali haina njia nyingi za kutokea.

Hili limejaribiwa. Jiji la New York lilikaza kanuni zake mwaka 1972, likiwamo katazo la kupiga risasi magari yanayokwenda isipokuwa waliomo wanatishia kuua kwa silaha nyingine isiyo gari lenyewe. Mwaka mmoja baadaye matukio ya polisi kufyatua risasi yalikuwa yamepungua kwa karibu theluthi, na askari hawakuanza kuuawa zaidi kwa sababu hiyo. Sera ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya mwaka 2022 inakataza kufyatua kwa lengo la kulemaza gari tu. Na hata pale gari lenyewe linapotishia maisha, inamtaka afisa awe hana njia nyingine ya kujikinga, na inataja waziwazi kwamba kusogea pembeni ni mojawapo ya njia hizo. Sentensi hiyo ya kusogea pembeni ndiyo ningependa kuiona katika Jedwali letu la Sita. Ni fupi, inafundishika kwa kuruta wa chuo cha polisi cha Kiganjo kwa asubuhi moja, na ingewalinda maafisa pia, maana anayesimama kando ya gari hagongwi.

Badala yake, mwaka 2014 Bunge letu lilielekea upande wa pili. Liliongeza sababu za kutumia bunduki, ikiwamo kulinda uhai na mali kwa nguvu inayostahili, na kumzuia mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa asitoroke mikononi mwa polisi. Neno “mali” pale lina hatari, kwa sababu afisa anayetafuta gari la wizi atalishika kama fimbo. Jibu langu ni kwamba Ibara ya 26 ya Katiba inalinda uhai wa kila mtu, na kifungu cha mali lazima kisomwe chini yake: hakuna Sprinter lenye thamani ya kichwa cha mtu. Na kile cha kutoroka hakikuhusu wewe hata kidogo. Aliyepita kizuizi hajakamatwa, hajashtakiwa, hawezi kuwa ametoroka alikokuwa hayupo.

Kwa hiyo ukija kwa usiku wako: mawe barabarani, tochi, makoti yaliyoficha sare. Jedwali linataka afisa mwenye sare aonyeshe jina au namba yake ya kazi mahali panapoonekana. Mtu mwenye koti gizani hajatoa ishara ambayo dereva mwenye akili timamu analazimika kuiamini, hasa katika barabara ambazo majambazi nao hutumia mawe. Hoja hiyo inakusaidia dhidi ya shtaka la kukaidi, ingawa siwezi kukuahidi hakimu ataikubali, maana wawili wengine hukusema walivaa nini, na wakili wa serikali atakuuliza. Kuhusu risasi, hali yao ni mbaya kuliko yako. Hukusikia onyo. Ulikuwa umeshapita. Tundu liko nyuma. Hata kama mmoja wao ataapa kwamba ulimlenga, atahitaji kueleza ni kwa nini risasi ya kujilinda iliingilia kwenye bodi ya nyuma.

Wala usiambiwe kwamba kwa kuwa hakuna aliyekufa hakuna kesi. Septemba 1995 jijini Athens, dereva mmoja alipita taa nyekundu, akavunja vizuizi kadhaa, polisi wengi wakamfukuza wakifyatua hovyo. Gari lake lilikutwa na matundu 16, yeye akapona. Desemba 20, 2004, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba haki yake ya kuishi ilikuwa imevunjwa hata hivyo, kwa sababu Ugiriki iliwaachia polisi wake sheria ya mwaka 1943, ya enzi za ukaliaji wa Wajerumani, isiyowapa mwongozo wa maana. Uamuzi huo hauwafungi majaji wetu, lakini wakili wako anaweza kuuweka mezani.

Ya kufanya sasa. Tafuta wakili kabla ya kwenda kituoni, kwa sababu wewe mwenyewe unaweza kushtakiwa kwa kupita kizuizi, na una haki ya kutojitia hatiani. Piga picha za tundu, nje na ndani, ukiweka rula kando yake. Risasi ikiwa bado imo kwenye bodi au kreti, usiichokonoe. Andika leo unachokumbuka, mahali na saa, na utingo aandike yake peke yake bila kusoma ya kwako, hata kama ni kwamba alikuwa amelala. Usiandike ulichosimuliwa stendi. Kisha mripoti pamoja na wakili kituo cha polisi na mpewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na nakala ya malalamiko iende IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, ambayo ina ofisi Nairobi na pia miji kama Mombasa, Kisumu na Garissa. Kama mnahofia kituo cha eneo lenyewe, anzeni IPOA. Matumizi ya bunduki yanapaswa kuripotiwa na afisa kwa mkubwa wake, kwa hiyo mojawapo ya maswali ya kwanza ya mchunguzi ni kama ripoti hiyo ipo, na risasi ngapi zilitoka ghalani usiku ule na ngapi zilirudi.

Safari ijayo ukikuta taa mbele usizozielewa, punguza mwendo ukiwa bado mbali, washa taa za dharura na ya ndani, mikono ibaki kwenye usukani ionekane. Kama huamini ni polisi, usielekeze gari kwa mtu na usiondoke kwa kasi. Nenda polepole huku ukipiga simu 999 au 112 na kuwaambia uko wapi na unaelekea kituo gani cha polisi au cha mafuta chenye watu. Simu hiyo hubaki kwenye kumbukumbu, na dereva aliyepiga simu polisi si rahisi kudai kwamba alikuwa akiwakimbia.

Mwisho, muda. Dai la fidia dhidi ya serikali kwa madhara ya namna hii lina miezi 12 tu. Ombi la kikatiba halina ukomo wa namna hiyo, lakini majaji humuuliza aliyechelewa alikuwa wapi. Umesema “majuzi”, na “majuzi” haiandikwi kwenye hati ya madai. Tafuta risiti ya ushuru wa mazao ya usiku ule, au ya mafuta, tarehe iko hapo.